Historia nusu, bunduki nzima

Anayetoka Uvira kwenda Baraka kwa Barabara ya Taifa namba 5 huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia. Safari yenyewe haifiki kilomita mia moja, ingawa masika yakikolea lori linaweza kulala njiani na abiria wake wakaota moto kando ya daraja lililokatika. Hupitwa Makobola, Mboko na Lueba, kisha huonekana Baraka na soko lake, mitumbwi, ndagala walioanikwa na mikebuka ya kukaushwa. Ni barabara ya wavuvi na wachuuzi kama barabara nyingine za pwani ya ziwa hili.

Mwishoni mwa Septemba 1996, vijana wa Kibembe wenye silaha waliwaua raia wa Banyamulenge, wafugaji wa Kitutsi wa nyanda za juu, katika vijiji vya barabara hiyo. Huko Lueba waliuawa zaidi ya watu 150, wanawake na watoto wakiwamo, na muda mfupi baadaye wengine wakauawa karibu na Mboko. Miaka miwili ikapita. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, waasi wa RCD pamoja na wanajeshi wa Rwanda na Burundi waliingia Makobola na vijiji jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Wakaua raia zaidi ya 800, wengi wao Wabembe, wakati familia zikisubiri mwaka mpya.

Matukio yote mawili yameandikwa katika kitabu kimoja, Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010. Ripoti hiyo ilichunguza miaka ya 1993 hadi 2003 na kuorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini Kongo. Kitabu kimeyaweka pamoja. Watu hawajafanya hivyo. Kule Baraka, Makobola husimuliwa na kila mtu, hata aliyezaliwa baadaye. Kule Minembwe, kwa Banyamulenge juu milimani, Lueba ni jina linalotosha kunyamazisha kikao. Ni nadra kumkuta mtu anayeyataja majina yote mawili kwa pumzi moja.

Hoja ya makala haya ni kwamba mpango wowote wa kukusanya silaha katika wilaya ya Fizi utaendelea kushindwa mradi kila upande unafundishwa nusu ya historia. Kwa mwenye nayo, bunduki ya Fizi ni jibu la kisa fulani. Mchukulie bunduki ukamwachia kisa kile kile, naye atatafuta nyingine kabla msimu haujaisha.

Tuanze mbali kidogo, mwaka 1965, kwa kuwa hapo ndipo silaha za kisasa zilipomiminika katika nchi hii. Waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, walikuwa wamepoteza Stanleyville, Kisangani ya leo, Novemba 1964. Ngome yao ya mwisho ilikuwa eneo la Fizi na Baraka, kwa sababu nyepesi kabisa: mbele yao kulikuwa na ziwa, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Kigoma. Silaha za Kisovieti na za Kichina ziliteremshwa bandari ya Dar es Salaam, zikapanda treni hadi Kigoma, halafu zikavushwa usiku kwa mashua. Aprili mwaka huo Ernesto Che Guevara naye alivuka kwa njia hiyo hiyo, akatua Kibamba akiwa na Wacuba wachache ambao baadaye walipita mia moja. Walipewa majina ya namba za Kiswahili, na yeye akaitwa Tatu.

Kumbukumbu alizoandika Che kuhusu safari ile, ambazo hazikuchapishwa kikamilifu hadi miaka ya 1990, ni somo zuri la udhibiti wa silaha kuliko semina nyingi za hoteli za Bukavu. Anaeleza jinsi shehena zilivyomwagwa ufukweni, bunduki zikichanganyika na chakula na dawa, pasipo mtu wa kuandika nani kachukua nini. Anaeleza wapiganaji waliotegemea dawa ya mganga kuliko kulenga shabaha, na makamanda walioishi ng'ambo ya ziwa. Hakuwa na haya kukiri kwamba alishindwa. Mwishoni mwa Septemba, mamluki wa Mike Hoare na jeshi la serikali waliishambulia Baraka kutoka ziwani wakaiteka, na baada ya wiki kadhaa Fizi nayo ikaanguka. Marubani waliowasaidia baadhi yao walikuwa Wacuba waliokimbia utawala wa Castro. Kwa hiyo Mcuba alimwinda Mcuba juu ya Ziwa Tanganyika, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa Baraka angelikumbuka maisha yake yote kama lingesimuliwa darasani.

Lakini kuna jambo jingine la mwaka ule lenye uzito zaidi kwa leo. Katika shambulio la Juni 1965 dhidi ya kambi ya Bendera, sehemu kubwa ya kikosi cha waasi ilikuwa ya wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda. Walipigana na kufa bega kwa bega na Wacuba na Wakongo, upande wa Simba. Muda mfupi baadaye, mnamo 1966, waasi walipogeukia ng'ombe wa Banyamulenge na kuua watu huko juu, wafugaji wengi walijiunga na jeshi la Mobutu, wakapewa silaha na serikali na kuwafukuza waasi nyanda za juu. Mbembe aliyekuwa msituni hakulisahau hilo. Mnyamulenge aliyeporwa ng'ombe naye hakusahau.

Mwalimu akiyafundisha haya mawili kwa pamoja, ile hadithi rahisi inayosema hawa walikuwa wazalendo tangu mwanzo na wale walikuwa wasaliti tangu mwanzo haitasimama. Ndiyo maana haifundishwi hivyo.

Baada ya uasi wa Simba kuzimwa, mmoja wa viongozi wake, Laurent-Désiré Kabila, hakuondoka. Mwaka 1967 aliunda chama chake cha PRP na kujenga makao Hewa Bora, ndani ya milima ya Fizi, ambako aliendesha kijidola kidogo kwa karibu miongo miwili. Kilikuwa na shule, kodi na magendo ya dhahabu, na Mei 1975 watu wake walivuka ziwa hadi Gombe wakateka wanafunzi wanne waliokuwa wakitafiti sokwe na Jane Goodall. Dunia ilisikia habari za PRP kwa siku hizo tu. Wabembe waliishi nazo kila siku: wakibanwa na jeshi la Mobutu upande mmoja na waasi upande wa pili, wengi walivukia Tanzania.

Wakati huo huo Kinshasa ilikuwa ikicheza na uraia. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta na kutaka mtu athibitishe mababu zake walikuwapo tarehe 1 Agosti 1885, kana kwamba kuna mkulima au mfugaji mwenye cheti cha mwaka huo. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito, ambalo mmoja wa wakuu wake, Anzuluni Bembe, alikuwa mwana wa Fizi, lilipitisha azimio la kuwarudisha makwao wakimbizi na wahamiaji wa Rwanda na Burundi, na Banyamulenge wakatiwa katika kapu hilo hilo. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikaja Lueba. Oktoba 1996 muungano wa waasi wa AFDL ulitangazwa kwa mapatano ya Lemera, na msemaji wake akawa Kabila yule yule wa Hewa Bora, safari hii akitembea na jeshi la Rwanda na vijana wa Banyamulenge. Mwezi huo huo, wafuasi wa dhehebu la Malkia wa Ubembe waliuawa na askari wa AFDL huko Abala. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na Makobola ikafuata.

Ukiupanga mlolongo huo, utaona kitu ambacho waandaaji wa programu za kunyang'anya silaha huwa hawakioni. Kila mara bunduki zilipogawanywa Fizi, aliyezigawa alikuwa mkubwa fulani wa mbali aliyekuwa na haja ya vijana wa kabila fulani: Moscow na Peking kupitia Kigoma, Mobutu, Kigali, kisha Kinshasa tena. Vita vilipohama, mgawaji aliondoka na bunduki zikabaki.

Sheria zipo. Ordonansi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inamkataza raia wa Kongo kumiliki silaha bila kibali. Tarehe 28 Julai 2003 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya silaha dhidi ya makundi ya Kivu na Ituri. Aprili 2004 nchi za ukanda huu, Kongo ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi inayotaka kila silaha ya serikali itiwe alama na kuingizwa katika daftari. Karatasi hizi si mbaya. Kasoro yake ni kwamba zinamhesabu mwenye bunduki na kumwacha aliyempa.

Ukusanyaji wenyewe umejaribiwa kwa kila namna. Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC waliwahi kubadilisha bunduki kwa baiskeli huko Katanga. Wazo hilo ni ndugu wa lile la Baraza la Makanisa la Msumbiji, ambalo tangu 1995 lilitoa majembe na cherehani kwa aliyesalimisha silaha. Ulikuwa mpango wa watu wenye utu, na baiskeli ni kitu cha maana kwa mkulima. Ila Msumbiji vita vilikuwa vimekwisha. Katika Kongo ya mashariki anayerudisha bunduki leo hajui jirani yake wa bonde la pili ameificha wapi ya kwake. Programu ya kitaifa ya CONADER, iliyoanza mwaka 2004, ilimlipa mpiganaji dola 110 za kuanzia na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha, wengi walikuwa bado vijana, bado hawana shamba wala kazi, na makamanda wa zamani wanawajua kwa majina.

Kisha kukawa na Kotakoli. Septemba 2013 mamia ya waliojisalimisha kutoka mashariki walipelekwa kwenye kambi hiyo ya kijeshi, mbali kabisa, katika mkoa wa Equateur wa wakati huo, pamoja na wake na watoto wao. Mwaka uliofuata Human Rights Watch ilieleza kuwa zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa huko kwa njaa na maradhi. Habari kama hiyo hufika Fizi haraka kuliko tangazo lolote la redio. Kijana anayeambiwa leo ateremke mlimani aiache bunduki yake ana sababu ya kuuliza watamlaza wapi. Programu mpya, P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021, iliahidi kuwarejesha watu katika jamii zao badala ya kuwafungia kambini. Ni hatua ya busara, lakini aliyekabidhiwa kwanza kuiongoza, Tommy Tambwe, aliwahi kuwa upande wa RCD. Katika wilaya yenye Makobola, jambo hilo halikuhitaji maelezo marefu ili likataliwe na wengi.

Upepo wa sasa unavuma kinyume kabisa. Tarehe 15 Mei 2023 ilitangazwa sheria inayoanzisha jeshi la akiba la ulinzi, na makundi ya wanamgambo yaliyokuwa yakiitwa maimai jana yakawa Wazalendo. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari. Vita vikashuka Rusizi hadi Uvira mwezi Desemba, na barabara ile ile ya Makobola ikajaa tena watu waliobeba magodoro kichwani. Ni vigumu kumwambia mtu wa Fizi katika hali hiyo kwamba kijana mwenye bunduki mlangoni ni hatari, kwa sababu anamwona ndiye kinga ya pekee. Na Mnyamulenge wa Minembwe aliyeona vijiji vikichomwa na ng'ombe wakiswagwa tangu mapigano ya 2017 na miaka iliyofuata anasema maneno hayo hayo kuhusu vijana wa Twirwaneho, kundi la wenye silaha la jamii yake.

Basi udhibiti wa busara hauwezi kuanza kwa kudai kila mtu aweke silaha chini kesho asubuhi. Unaweza kuanza na yule anayegawa. Kila bunduki na kila sanduku la risasi linalotoka ghala la jeshi kwenda kwa Wazalendo liandikwe namba yake, jina la kamanda aliyepokea na siku aliyopokea, na nakala ibaki mkoani. Dola inayoweza kuandika jina la mtahiniwa wa mtihani wa taifa, shule yake na alama zake, inaweza kuandika namba ya bunduki. Upokonyaji, ukija, ufanyike pande zote kwa siku moja na chini ya macho ya watu wa pande zote. Na fedha za dhahabu ya migodi ya Misisi zifuatiliwe, maana bila dhahabu risasi hazinunuliki.

Zipo pia taratibu za wenyeji ambazo wataalamu huzipita. Katika kiangazi wafugaji wa nyanda za juu hushuka na ng'ombe kwenda malisho ya Lulenge na Ngandja. Kwa desturi hutoa itulo, malipo kwa wenye ardhi, nao wenye ardhi huwaruhusu kupita. Palipokuwa na itulo iliyokubaliwa na kamati za pande mbili za kusuluhisha mazao yaliyoliwa, ng'ombe walipita bila risasi. Itulo iligeuka ugomvi pale wenye silaha walipoanza kuidai wao wenyewe. Hapo unaona uhusiano wa mkataba na bunduki waziwazi kuliko katika itifaki yoyote.

Sasa darasani. Watu wengi wenye nia njema husema kidonda kisitoneshwe, watoto wafundishwe Leopold wa Pili, Mkutano wa Berlin na tarehe 30 Juni 1960, na mengine yangoje. Rwanda ilichukua njia ya namna hiyo: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, somo la historia ya nchi lilisimamishwa mashuleni kwa miaka mingi kwa kuwa hapakuwa na maafikiano juu ya nini kifundishwe. Inaeleweka. Lakini watoto hawakai bila historia wakisubiri wakubwa waafikiane. Wanaipata kwenye matanga, kanisani, kwenye vikundi vya WhatsApp, na siku hizi kutoka kwa wachochezi wanaokaa Ulaya na Marekani ambao risasi haziwafikii. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania imeingiza somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika mtaala mpya. Hilo nalo lina mtego wake: historia ikifungwa kamba na maadili, mwalimu hushawishika kuchagua yale yanayoipamba nchi tu.

Tena, anayesema ukweli kamili huku hulipia. Julai 2020, baada ya raia kuuawa huko Kipupu, Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Nobel, aliandika kwamba waliofanya hivyo ni wale wale wa mauaji ya Kasika na Makobola na kwamba mauaji yataendelea bila haki. Vitisho vya kifo vikamjia, hadi Umoja wa Mataifa ukalazimika kumrudishia walinzi katika hospitali yake ya Panzi. Kama mshindi wa Nobel anatishwa, mwalimu wa sekondari ya Baraka anayelipwa kwa kuchelewa na anayepita kizuizi cha wenye bunduki kila asubuhi afanye nini? Hapa ndipo masomo na silaha vinapokutana: darasa haliwezi kuwa huru ikiwa baba wa mwanafunzi mmoja ni kamanda na hakuna anayejua ana bunduki ngapi.

Hata hivyo Baraka imewahi kuona ukweli ukisemwa hadharani. Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi wa serikali walibaka wanawake wengi mjini Fizi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, ikakaa, ikawasikiliza wanawake mbele ya umma, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 pamoja na baadhi ya askari wake. Haikuwa haki kamili. Ilikuwa, hata hivyo, kumbukumbu rasmi yenye majina, tarehe na ushahidi, iliyoandikwa papo hapo na si Geneva.

Kumbukumbu za namna hiyo ndizo malighafi ya somo. Hazimtaki mwalimu aamue nani alianza. Zinamtaka asome ukurasa wa Lueba na ukurasa wa Makobola siku moja, katika darasa moja, aongeze Abala, aongeze Gatumba, ambako tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi wa Banyamulenge zaidi ya 150 waliuawa upande wa Burundi, halafu awaulize wanafunzi silaha zilitoka wapi katika kila tukio. Swali hilo la mwisho lina faida ya pekee: humtoa jirani katikati ya hadithi kwa muda na kumweka mgawaji wa bunduki mahali pake.

Kinshasa tayari ina sababu ya kisheria ya kufanya hivyo. Sheria ya Desemba 2022 inayolinda waathirika wa ukatili wa kingono na uhalifu wa kivita imeifanya tarehe 2 Agosti kuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka waliokufa. Siku hiyo ikibaki kuwa ya hotuba dhidi ya Rwanda peke yake itakuwa kweli kwa sehemu kubwa, na itamwacha mtoto wa Minembwe nje ya taifa lake. Waliouawa Lueba walikuwa Wakongo. Wakumbukwe siku hiyo hiyo.

Wizara ya Elimu, maaskofu na wachungaji wanaomiliki shule nyingi za Fizi, pamoja na wazazi wa Baraka na wa Minembwe, wana kazi moja wanayoweza kuianza kabla vita havijaisha: kurasa za Ripoti ya Mapping zinazohusu Fizi ziwekwe katika Kiswahili chepesi, zichapwe, na zifike kwa kila mwalimu wa historia kutoka Makobola hadi Minembwe. Si kurasa nyingi. Mwalimu anaweza kuzimaliza katika muhula mmoja.